Historia fupi ya marehemu sio maisha ya mtu: namna ya kumuongoza mtu aandike kumbukumbu zake

Kama umewahi kukaa kwenye msiba huku kwetu Moshi, uwe Kibosho, uwe Rombo, uwe Machame, unajua kuna wakati unafika mtu anasimama na karatasi anasoma historia fupi ya marehemu. Marehemu alizaliwa mwaka fulani kijiji fulani, mtoto wa nne kati ya watoto tisa, alisoma shule ya msingi hapa akaendelea pale, akaajiriwa, akafunga ndoa takatifu, akajaliwa watoto sita na wajukuu kumi na moja, akaanza kuugua mwaka jana, akatibiwa KCMC, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Dakika tano imeisha, watu wanaenda kwenye salamu za rambirambi. Na we uliyemjua yule mama vizuri unabaki umekaa chini ya turubai unajiuliza, mbona hamna hata sehemu moja iliyosema alivyokuwa anaimba akikata majani ya ng'ombe, mbona hamna lile neno alilokuwa anatuambia kila tukiondoka kwake, sasa huyu aliyesomwa ni nani?

Naanza na msiba kwa sababu mi naongoza kikundi cha watu wanaoandika maisha yao, tunakutana Jumamosi jioni Majengo, mwaka wa nne huu, na karibu kila mtu anayekuja mara ya kwanza anachoniletea ni historia fupi ya marehemu. Yeye yuko hai, amekaa mbele yangu na kurasa zake mkononi, lakini ameandika nilizaliwa, nilisoma, niliajiriwa, niliolewa. Simlaumu hata kidogo. Hiyo ndo namna pekee tuliyowahi kuisikia ya kusimulia maisha ya mtu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, tumeisikia tangu tuko wadogo, imetuingia.

Kwa hiyo kama na wewe unataka kuongoza watu waandike, iwe kikundi au bibi yako tu hapo nyumbani, jua kazi yako kubwa sio kufundisha sarufi wala kumtafutia maneno mazuri. Kazi yako ni kumtoa kwenye ile karatasi ya msibani na kumrudisha kwenye siku moja, mahali pamoja, akiwa ameshika kitu mkononi. Mengine yote nitakayosema hapa yanatoka hapo.

Watu na mahali

Watu 7 wanatosha, 8 ndo mwisho. Piga hesabu mwenyewe, kila mmoja akipewa dakika 15 za kusoma na kuongelewa, watu 7 ni saa moja na dakika 45, ongeza chai na salamu na stori za hapa na pale unakaribia masaa mawili na nusu, na wanaokaa Uru au Kibosho inabidi wawahi haisi kabla giza halijaingia.

Usichukue ndugu wawili kwenye kikundi kimoja, wala mume na mke. Mwaka wa kwanza nilichukua dada na kaka yake, kila dada akisoma kaka anaingilia katikati, hapana baiskeli ya baba haikuwa nyekundu, hapana bibi alifariki mwezi wa nne sio wa sita, mpaka ikafika mahali dada anasoma huku anamuangalia kaka usoni. Wote wawili walikuwa na mambo mazito ya kuandika na hamna aliyeandika.

Mahali iwe sebule ya mtu au baraza ambalo watu hawapiti pitii. Ukumbi wa kanisa hata ukipewa bure uache, mama hawezi kuandika ukweli wa ndoa yake wakati mwenyekiti wa jumuiya anapita dirishani. Na siku ya kwanza mkubaliane kwa mdomo, mmoja mmoja aseme mwenyewe, kinachosomwa hapa kinabaki hapa, simu zote zinaingia kwenye kikapu. Moshi ni mji mdogo jamani, kila mtu ana shemeji Pasua na wifi Soweto, neno likivuja mara moja tu kikundi kimekufa.

Siku ya kwanza wasiandike, wachore

Nawapa karatasi kubwa nawaambia chora nyumba uliyokulia kama ndege anavyoiona akiwa juu. Kama hujui kuchora hamna shida. Nyumba hapa, jiko la nje pale, banda la ng'ombe, mfongo wa maji ulikuwa unapita wapi, migomba, mibuni, njia ya kwenda dukani, kaburi la babu. Wakimaliza nawaambia sasa weka alama ulipokuwa unajificha, weka alama ulipochapwa, weka alama mahali ulipokuwa huruhusiwi kukaa, weka alama mahali uliposimama siku ulipopewa habari mbaya. Hapo sebule nzima inanyamaza, unasikia kalamu tu.

Mama mmoja aliyekulia Arusha, Ngarenaro, akaniambia mwalimu, sisi tulikuwa tumepanga chumba kimoja, sasa nichore nini. Nikamwambia chora hicho chumba, nani alikuwa analala wapi. Akachora kitanda cha wazazi, akachora mkeka wa watoto watano, alafu katikati akachora pazia, na kwenye lile pazia akakaa muda mrefu kuliko chumba chote, anachora maua yake, anachora lilipokuwa limechanika, anachora kamba na ile misumari miwili. Kwenye hilo pazia zilitoka kurasa nne wiki iliyofuata, habari ya vitu alivyokuwa anasikia usiku na asubuhi anajifanya hajasikia.

Mi naamini mtu akichora hajilindi. Akishika kalamu kuandika anakumbuka mwalimu wa darasa la tano, anakumbuka insha, anaanza kutafuta kiswahili sanifu, lakini akichora anakuwa tu mtu anayemuonyesha mwenzake nyumbani kwao. Baada ya kuchora ndo unamwambia chagua alama moja, moja tu, andika dakika 15 bila kunyanyua mkono. Usije ukamwambia andika kuhusu utoto wako. Hilo ni kubwa mno, hajui aanzie wapi, na mtu asiyejua aanzie wapi anaanzia nilizaliwa mwaka.

Wiki ya pili alete kitu

Sio picha, kwa sababu picha mtu ameshazoea kuielezea, huyu ni mjomba, hapa ni harusi ya fulani. Kitu cha kushika. Nimeshaletewa ufunguo wa nyumba iliyokwisha bomolewa, kadi ya kliniki, kibuyu cha pombe ya mbege kilichopasuka, sare ya shule ya mtoto ambaye hayupo tena.

Mzee mmoja wa Old Moshi alikuwa ameshaandika kurasa 11 kabla hata hajaja kwangu, kazi zote alizofanya, vituo vyote alivyohamishiwa, mpaka mshahara wa kwanza ulikuwa shilingi ngapi. Siku ya vitu akaleta jani la isale amelikunja ndani ya gazeti. Kwa msioko huku, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani na makaburini, na kwa Wachagga mtu aliyekukosea akikuletea jani la isale anaomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito sana. Nikamuuliza, mzee, jani kama hili alilishika nani? Akasema baba yangu mdogo, alilileta kwa baba, walikuwa wamegombania mpaka wa kihamba. Nikamuuliza alilishika kwa mkono gani. Akaniangalia kama vile nimeuliza swali la kitoto. Alafu akasema wa kushoto, mkono wa kulia alikuwa ameshika kofia, alikuwa ameivua. Akakaa kimya. Akasema mwalimu, hiyo habari ya kofia sijawahi kumwambia mtu, na sikujua kama naikumbuka.

Zile kurasa 11 hazikuwa na kofia. Hazikuwa hata na baba mdogo. Na mi nakwambia ile kofia ndo ilikuwa kitabu chake.

Kuuliza

Hii ndo sehemu ya kujifunza sana, hapa nitakaa kidogo.

Kuna mama anauza mitumba Kiborloni, aliandika sentensi hii: "Miaka ya themanini maisha yalikuwa magumu sana kwani bidhaa muhimu zilikuwa haba." Sentensi ni ya kweli kabisa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikausha nchi, Mwalimu Nyerere akawaambia watu wafunge mikanda miezi 18, na shida ikaendelea miaka mingi baada ya hiyo miezi kuisha. Ila ni sentensi ambayo mtu yeyote angeweza kuiandika, hata ambaye hakuwepo. Sasa ona tulivyoongea, nayaweka kama yalivyokuwa kwa sababu aliniruhusu.

Nikasema, mama, samahani, sukari mlikuwa mnaitoa wapi?
Duka la kaya. Foleni.
Nani alikuwa anaenda?
Mimi. Mama alikuwa na kichanga.
Saa ngapi?
Saa kumi alfajiri. Ila sikai mwenyewe, naweka jiwe.
Jiwe?
Jiwe la kushika nafasi mwanangu, we hukuyakuta hayo. Kila mtu ana jiwe lake, anaweka kwenye mstari anarudi kulala, duka likifunguliwa unaenda kusimama kwenye jiwe lako.
Sasa lenu ulikuwa unalijuaje?

Hapo akanyamaza. Mi nikanyamaza pia. Wiki iliyofuata akaja na hii:

"Jiwe letu lilikuwa na herufi ya kwanza ya jina langu. Baba aliikwangua kwa msumari usiku, mama ananyonyesha. Nilikuwa nalirudisha nyumbani kwenye kikapu kila siku kwa sababu niliogopa mtu ataliiba. Siku moja nilikuta limesogezwa nyuma kama watu kumi. Nilijua ni la kwangu na nilijua nililiweka wapi, lakini nilikuwa na miaka tisa na wote walionipita walikuwa watu wazima. Nikasimama pale pale lilipo. Sukari ikaisha. Nyumbani nikasema sukari imeisha, habari ya jiwe kusogezwa sikusema."

Hamna mahali kasema maisha yalikuwa magumu. Alivyosoma, mzee mmoja pale akavua miwani.

Sasa angalia maswali yenyewe, hayana ujanja wowote. Nani, saa ngapi, wapi, ulikuwa umeshika nini, miguuni ulikuwa umevaa nini, jikoni kulikuwa kunapikwa nini, nani alikuwepo ila hakusema kitu. Swali ambalo mi nimeliacha kabisa ni ulijisikiaje. Ukiuliza ulijisikiaje mtu atakujibu nilijisikia vibaya, nilifurahi sana, na hapo mmefika ukutani. Uliza ulifanya nini. Mtu akikwambia nilikaa nikaanza kuchambua maharage ambayo yalikuwa yameshachambuliwa, umeshajua alijisikiaje na yeye hajatumia hilo neno.

Na ukishauliza nyamaza. Sisi tunapenda kumsaidia mtu maneno, akisita tu tunamalizia, au tunasema pole mama ni mapito tu. Usimalizie. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo, mara nyingi kitu chenyewe kinakuja kwenye nane.

Ukiacha msiba kuna ushuhuda

Namna nyingine iliyotuingia ni ushuhuda wa kanisani. Nilikuwa hivi, nikapata shida hii, Mungu akanivusha, leo niko hapa. Mi ni muumini na naheshimu ushuhuda, una kazi yake na una mahali pake. Lakini kwenye kuandika maisha unamfanya mtu akimbilie mwisho. Anaandika mstari mmoja wa shida na kurasa mbili za kushukuru, na ukimuuliza kati ya hapo kulikuwa na nini unakuta kulikuwa na miaka sita ambayo hajaigusa. Mama mmoja nilimwambia hivi, Mungu unamshukuru na kushukuru kutabaki, hamna atakayekutoa hapo, ila nirudishe kwanza kwenye ule usiku kabla hujajua kama utavuka. Akaelewa. Usibishane na imani ya mtu wala usimfutie maneno yake ya shukrani, muombe tu asifike haraka.

Mimi wa zamani na mimi wa leo

Hili watu linawachanganya na likishaeleweka maandishi yanabadilika siku hiyo hiyo. Kwenye kumbukumbu kuna watu wawili wanaoongea na wote wanaitwa mimi. Yule mtoto wa miaka tisa kwenye foleni hajui habari za vita wala uchumi, anachojua ni jiwe. Yule mama wa leo Kiborloni anajua yote, anajua mpaka aliyesogeza jiwe labda na yeye alikuwa na kichanga nyumbani. Wote wana haki ya kuongea, tatizo ni wakiongea kwa pamoja kwenye sentensi moja, mtoto anaanza kuongea kama mchambuzi wa redioni. Mwambie mtoto amalize kwanza tukio lake, alafu we wa leo ingia useme unalionaje sasa. Nawapa kalamu mbili za rangi wapige mstari, bluu anaongea mtoto, nyeusi anaongea wa leo, wanajionea wenyewe walipochanganya.

Miaka

Kumbukumbu inateleza, na huwezi kumwambia mzee shikamoo alafu umwambie anadanganya. Mzee yule yule wa isale aliandika kwamba mdogo wake wa mwisho alizaliwa KCMC mwaka 1968. KCMC imefunguliwa mwaka 1971. Nikamwambia mzee, hapa kimoja kati ya viwili hakikai, ama mwaka ama hospitali. Akafikiri akasema mwaka nina uhakika nao, basi itakuwa Mawenzi, na alivyosema Mawenzi tu akakumbuka walivyoshuka kwa miguu na mama amekaa kwenye baiskeli ya jirani.

Ukutani nimebandika karatasi ya miaka ambayo watu wote wanaikumbuka. Uhuru na Mwenge juu ya Kibo Desemba 1961, Azimio la Arusha Februari 1967, mpaka wa Kenya kufungwa 1977 mpaka 1983, Vita vya Kagera, kifo cha Sokoine Aprili 1984, mvua za El Nino 1997 kwenda 1998, kifo cha Mwalimu Oktoba 1999. Mtu hajui mwaka aliohama Arusha, lakini ukimuuliza Sokoine anafariki we ulikuwa wapi, atakwambia mpaka redio ilikuwa kwenye dirisha lipi.

Na mazungumzo ya zamani? Wananiuliza sana, mwalimu sikumbuki baba alisema maneno gani hasa. Hamna anayekumbuka neno kwa neno. Andika kwa namna baba alivyokuwa anaongea, kitu ambacho unajua kabisa alikisema, na kama huna uhakika sema, nadhani alisema hivi. Kubuni tukio ambalo halikuwepo hapana, hata kama lingenoga. Msomaji amekuamini.

Wanaosikiliza

Mtu akisoma, wengine wanaruhusiwa kusema vitu vitatu tu, nimekiona hiki, hapa nimepotea, hapa nataka kujua zaidi. Basi. Hamna ushauri wa ndoa, hamna mahubiri, hamna hata na mimi iliwahi kunitokea, kwa sababu ukianza na wewe yako dakika za mwenzako zimekwisha. Mwanzoni utarudia hii sheria kila wiki, usichoke.

Na kalamu nyekundu iache nyumbani. Mi nimefundisha sekondari miaka mingi, mwaka wa kwanza wa kikundi nilichukua daftari la mama mmoja nikamsahihishia, "alafu" nikaweka "halafu", sentensi ndefu nikakata, r na l nikapanga. Nilidhani namsaidia. Akapokea, akashukuru, hakurudi tena. Nilimfuata mpaka Rau kumuomba msamaha, tukanywa chai vizuri, akaniambia mwanangu mimi niliishia la nne, siku ile nilikumbuka kwa nini niliishia la nne. Inaniuma mpaka leo. Kusahihisha kunafanyika mwishoni kabisa, na kunafanyika mkiwa mmekaa pamoja, yeye ndo anakubali au anakataa.

Na akitumia Kichagga au Kimeru au Kimaasai muache. Kihamba ni kihamba, ukiandika shamba la ukoo umepoteza nusu ya maana. Sio lazima kufafanua kila neno, msomaji ataelewa kutokana na yanayolizunguka.

Asiyeweza kuandika muda mrefu, macho au vidole vinasumbua, ajirekodi kwenye simu akiwa peke yake, mjukuu amuandikie. Sharti langu ni moja, mjukuu aandike kama bibi alivyosema, asimpambie.

Yanapokuwa mazito

Yatakuwa. Kuna sentensi ya msibani inasema "aliugua kwa muda mrefu", na miaka ya tisini huku kwetu hiyo sentensi ilifunika nyumba nyingi sana. Watu waliokuwa watoto wakati ule sasa ni watu wazima na wanataka kuandika ugonjwa wa baba ulikuwa nini, na mama akafuata, na nani aliwachukua na nani aliwakataa. Usimharakishe mtu kufika hapo na usimzuie akifika. Mwambie mapema ana haki ya kuandika na asisome. Akilia mpe muda, maji, asiguswe kama hataki, na kabla hajaondoka muulize leo unalala na nani nyumbani. We ni msaidizi wa kuandika, sio mshauri wa afya ya akili, kwa hiyo ukiona mtu halali, hali, anaongelea kufa, acheni kuandika kwanza umsindikize hospitali ukae naye kwenye benchi mpaka aonwe.

Na wale walio hai? Ndugu, shemeji, mume waliyeachana? Mi nawaambia andika yote kwanza kama vile hamna atakayesoma, ya nani asome tutayaongea baadae. Ukianza kumuogopa dada yako kwenye ukurasa wa kwanza hutafika wa pili. Ikishakamilika ndo mnakaa mnauliza, hapa jina libadilike? Hii siri ni yako au ni ya mwenzako? Ugonjwa wa mtu, mtoto wa nje wa mtu, kesi ya mtu, hivyo sio vya kwako kutoa bila yeye kukubali. Na anayetajwa sana apewe asome kabla, sio ili aruhusu kila neno, ila asije akajikuta humo mbele ya watu.

Mzee wa isale aliogopa hilo kuliko vyote, maana mtoto wa baba yake mdogo bado wanapakana naye. Mwezi wa kumi na moja akampelekea kurasa zake. Binamu akakaa nazo wiki mbili. Akarudi akasema umeandika vizuri, ila baba hakuja mara moja, alikuja mara tatu, mara mbili za kwanza baba yako alikataa kufungua mlango na mimi nilikuwa nimemsindikiza. Mzee akaja Jumamosi amechanganyikiwa, mwalimu nifute? Nikamwambia usifute, ongeza. Akaandika, "Mimi nakumbuka mara moja. Binamu yangu anasema baba yake alikuja mara tatu. Ile niliyoiona mimi ndiyo ya mwisho." Hizo sentensi tatu zilimchukua jioni nzima na sijaona zilizo bora kuliko hizo kwenye kikundi chetu.

Desemba

Usisubiri mchapishaji. Ukimaliza kurasa 30 au 40, nenda steshenari yoyote mjini, zichapwe, ziwekwe jalada gumu, zibaindiwe. Panga imalizike kabla ya katikati ya Desemba, kwa sababu Krismasi ndo watu wote wanapanda nyumbani kutoka Dar, Mwanza, Arusha, kila mahali, na ndo siku pekee ukoo mzima umekaa chini ya migomba pamoja. Tafuta saa ya baada ya chakula, kabla pombe haijakolea, mwandishi asome mwenyewe, tukio moja tu, dakika 10 zisizidi. Kama sauti haitoshi mjukuu asome yeye akiwa amekaa pembeni.

Mzee wangu alisoma ile ya kofia. Mi sikuwepo, aliniambia mwezi wa kwanza. Alisema watoto walikuwa wanakimbia kimbia mwanzoni alafu wakaacha, na binamu yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na jiko, alipomaliza kusoma akanyanyuka akaomba lile daftari, akasema kesho anashuka Mbuyuni atapitia kulitoa fotokopi, watoto wake nao walisome. Lilikuwa moja tu, likaondoka, limerudi baada ya miezi miwili lina alama za chai. Kwa hiyo toeni nakala tano kuanzia mwanzo.